Mgonjwa Anaposema Kumbukumbu Imepungua na Majaribio Yanakataa

Katika kliniki yangu ya magonjwa ya ubongo, wanaonitatiza zaidi ni wale wanaolalamika kwamba kumbukumbu imepungua, ilhali kila jaribio ninalowapa wanalifaulu. Mhasibu mmoja mstaafu nilimsomea maneno 10, nikamwagiza achore uso wa saa, kisha baada ya dakika 20 nikamwomba anitajie maneno yale. Alitaja 9, matokeo ambayo wengi wa rika lake wangeyafurahia. Akanijibu kwa upole: "Daktari, mimi nilikuwa najumlisha ukurasa mzima kichwani. Siku hizi jumla inanipotea kabla sijafika chini."

Alikuwa na hoja. Majaribio yetu humpima mtu kwa kumlinganisha na watu wa umri na elimu kama yake, wala si na yeye mwenyewe alivyokuwa miaka mitano iliyopita, na kwa hiyo aliyeanzia juu anaweza kushuka hatua nyingi bila kufikia kiwango tunachokiita cha ugonjwa. Mwaka 2014 mtafiti Frank Jessen na wenzake walichapisha vigezo vya kuitambua hali hii, yaani upungufu ambao mhusika anauhisi mwenyewe wakati majaribio bado ni ya kawaida.

Sababu ya kulipa lalamiko hilo uzito iko ndani ya ubongo. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Alois Alzheimer, ambaye ugonjwa wa Alzheimer unaoharibu kumbukumbu umepewa jina lake, alieleza mambo mawili aliyoyaona katika ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki: mabonge yaliyo nje ya seli, ambayo leo tunajua ni ya protini ya amiloidi, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli, ambazo ni za protini ya tau. Amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili kuonekana, na tau inapoenea kutoka maeneo yaliyo jirani na hipokampo, sehemu ya ubongo inayotunga kumbukumbu mpya, ndipo kumbukumbu huanza kudhoofika kweli. Katika kipindi hicho kirefu ubongo unaweza kujifidia kwa kufanya kazi zaidi, na naona si ajabu kwamba mwenye ubongo huhisi jitihada hiyo kabla ya sisi kuona kosa.

Dalili hizi za kibiolojia sasa zinapimika mtu akiwa hai. Skani ya PET, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa kutumia kemikali yenye mionzi kidogo, huonyesha mabonge yenyewe. Katika majimaji ya uti wa mgongo, aina ya amiloidi iitwayo beta 42 hushuka badala ya kupanda, jambo linalowashangaza hata wanafunzi wangu, kwa kuwa imekwisha kunaswa katika ubongo. Damu nayo hupimwa tau ya aina ya p-tau217, na Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu cha namna hii, kwa watu wa miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Wazee wengi wenye amiloidi hufa wakiwa na akili timamu, na majibu ya damu hayamwambii mtu lini ataugua, wala kama ataugua.

Uchambuzi wa tafiti uliotoka mwaka 2014 ulikadiria kwamba kati ya watu 100 wenye malalamiko haya, wapatao 2 hupata demensia, yaani kudhoofika kwa akili hadi kuvuruga maisha ya kila siku, kila mwaka, takriban mara mbili ya wasiolalamika. Waliobaki mara nyingi wana sonona, usingizi unaokatikakatika, upungufu wa vitamini B12 au hitilafu ya tezi ya thairoidi. Mashaka yangu huongezeka tatizo likiwa limeanza baada ya umri wa miaka 60, ndani ya miaka mitano iliyopita, na hasa mtu wa karibu naye akiwa ameliona. Ugonjwa unapoendelea, mgonjwa huacha kulalamika, na nyumbani ndiko wasiwasi unakohamia.

Kwa hiyo nilimuuliza mke wa mhasibu. Alifikiri kidogo, akasema haoni tofauti, ila mumewe kila usiku hunywa dawa ya mzio ili apate usingizi. Dawa za mzio za zamani, zile zinazosinzisha, huzuia asetilikolini, kemikali ambayo kumbukumbu inaitegemea. Niliisimamisha, sikuagiza kipimo cha tau, na nikawaomba warudi wote wawili baada ya mwaka. Katika faili, chini ya alama 9 kati ya 10, niliandika maneno yake kuhusu ule ukurasa wa hesabu, kwa sababu hayo ndiyo nitakayomlinganisha nayo.