DVD ya slaidi za harusi: mambo tunayodanganyana hapa Tanga

Juzi kaja jamaa mmoja kijiweni kwangu hapa Ngamiani kashika flashi, ina picha 600 za harusi ya dadake, kaniambia mgosi nitengenezee DVD ya slaidi mama aangalie kwenye TV, na uniwekee fulu HD, ntakuongeza elfu mbili. Nikacheka, sio kwa dharau, ila hiyo elfu mbili ya fulu HD mafundi wengi wanaipokea, wanaitia mfukoni na DVD inatoka vilevile. Mi nachoma hizi diski toka enzi za TV za chogo na kila wiki nasikia yaleyale, kwa hiyo leo wacha niyaandike.

Tuanze na hiyo fulu HD yenyewe. DVD ya kuchezwa kwenye deki ina saizi yake tangu ilivyobuniwa miaka ya 1990 na haibadiliki hata ukimpa fundi laki. Kwa PAL, mfumo wetu wa TV, picha ni pikseli, yani vidoti vya picha, 720 kwa 576, fremu 25 kila sekunde. Zidisha mwenyewe, unapata 414,720, haifiki hata nusu megapikseli, yani pikseli nusu milioni. Fulu HD ni 1920 kwa 1080, mara tano ya hiyo kamili. Sasa mtu anakwambia kaiingiza kwenye DVD ya kawaida ya deki, kaiingizaje? Na ile deki yenye tundu la HDMI iliyoandikwa 1080 kwa mbele nayo inachofanya ni kuitanua picha ileile ndogo ijae kwenye kioo kikubwa, haiongezi kope wala hina ambayo haimo kwenye diski. Inatanua vizuri kuliko TV nyingine zinavyotanua zenyewe, hilo nakubali, lakini kutanua ni kutanua tu.

Hapohapo inakuja na ile ya "nimepigia kamera ya megapikseli 48, lazima DVD iwe kali". Hata picha ya megapikseli 12 ikiingia kwenye DVD inapunguzwa karibu mara 29, hiyo ya 48 we piga hesabu mwenyewe. Pikseli za ziada zinakufaa pale tu unapoivuta picha, yani unaanza na kundi zima pale mlangoni mwa ukumbi afu unasogea taratibu mpaka uso wa biharusi, hapo ukiwa na picha ndogo uso unakuwa vigae vigae. Zikiwa hazisogei, mi nazishusha zote ziwe na upana wa pikseli kama 2000 kabla sijaanza kazi, kompyuta inapumua na mi napumua.

Kinachoniuma zaidi ni hiki cha kunoa picha. Mtu anaamini picha ikinolewa sana kwenye programu ndo itang'aa kwenye TV, na kwenye kompyuta kweli inapendeza, kila uzi unauona. Sasa ipeleke kwenye chogo. Ile TV haichori picha yote kwa mkupuo, inachora mistari ya witiri kwanza halafu ya shufwa, mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo kitu chembamba kama uzi kilicholala kinaonekana kwenye zamu moja na zamu ya pili hakipo, kipo, hakipo, ndo ule mtetemeko unaoumiza macho. Nilishawahi kupata kazi yenye babu kakaa kwenye jamvi kavaa kikoi chenye mistari miembamba miembamba, nyuma yake paa la bati. Nikanoa, nikajiona fundi kweli. Kwenye TV ya mteja kikoi kilikuwa kinatambaa kama siafu wamemwagiwa maji na bati nalo linacheza, babu mwenyewe katulia tu katikati. Dawa yake ni kinyume cha kunoa, unailainisha picha kidogo sana kwenda juu na chini, ukiitazama kwenye kompyuta unaona kama umeiharibu, lakini kwenye TV mtetemeko unaisha na hakuna anayegundua kuwa umelainisha. TV za flati zina mbinu yake ya kuunganisha ile mistari kwa hiyo tatizo linapungua, ila Pangani na Muheza huko chogo bado zipo sebuleni zimefunikwa kitambaa cha kufuma, usijidanganye.

Na chogo hiyohiyo inakula kingo. Wengi wanadhani kinachoonekana kwenye kompyuta ndo kitakachoonekana kwenye TV, pembe kwa pembe, kumbe TV zile zinaificha picha kidogo pande zote nyuma ya fremu, asilimia 5 hivi kila upande na nyingine zaidi. Nina bibi mmoja alinisema mbele za watu. Kasimama pembeni kabisa kwenye picha ya ukoo, kanga doti mpya, na kwenye DVD kabaki nusu, sikio moja na bega. "Mbona mie mmenikata, mie ndo nimemlea huyo." Nilinyamaza ningesema nini. Toka siku hiyo kundi kubwa nalipunguza liache nafasi pembeni na maandishi ya majina nayaingiza ndani asilimia 10 kila upande, hayagusi ukingo. Hata flati nyingine zina tabia hiyohiyo, ila hizo unaingia kwenye menyu ya ukubwa wa picha unaizima.

Picha za wima je? Hapa wapo wanaozivuta kwa pembeni zijaze kioo, bwana harusi mwembamba anakuwa na mashavu ya mpiga zumari. Usinyooshe. Iache wima, nyuma yake weka ileile picha imetanuliwa na kufifishwa, basi. Na ukianza kazi amua TV ya mteja ni ile ya karibu mraba ya 4 kwa 3 au pana ya 16 kwa 9, maana zote zinatumia pikseli zilezile 720 kwa 576, tofauti ni namna deki inavyoambiwa izitanue, ukikosea hapo kila mtu anakuwa mnene au mrefu kwenye diski nzima.

Kuna ile ya nafasi. "Si DVD ina GB 4.7, nijazie picha zote na video ya ukumbini masaa manne, itaingia tu." Itaingia, ndio. Kwanza hiyo 4.7 ni ya kuhesabu baiti bilioni, kompyuta ya Windows itakuonyesha 4.38 na hakuna muhindi aliyekuibia dukani, ni namna mbili za kuhesabu kitu kimoja. Pili, ubora wa DVD unatoka kwenye kiasi cha data inayopewa kila sekunde. Picha 600 kwa sekunde 6 kila moja ni saa moja kamili, hapo naweza kuipa megabiti 8 kwa sekunde na inakula kama GB 3.6, safi kabisa. Weka masaa mawili, inashuka mpaka megabiti 5 na kidogo. Weka manne, ni 2.6, na muziki bado unataka fungu lake humohumo. Picha ikiwa imetulia tu hutaona tatizo, utaliona pale picha moja inapoyeyuka kuingia nyingine, kwa nusu sekunde kioo kizima kinakuwa kama sakafu ya vigae, maana hapo kila pikseli inabadilika kwa wakati mmoja na data haitoshi. Ndo maana mtu anasema mbona picha zako zinaharibika zikibadilika. Kiwango cha juu kabisa kwa video ya DVD ni 9.8 lakini mi sifiki huko, deki nyingine zikikutana na diski ya kuchoma yenye data nyingi zinakwama kwama, 8 inatosha.

Halafu jamani picha 600 nani anaziangalia zote? Mi ningechagua 150. Ila mama mtu anaziangalia zote 600, na akimaliza anarudia, kwa hiyo nishaacha kubishana na wateja, nachofanya ni kuweka sura, kama za kitabu, kila baada ya picha 20 ili wajukuu waweze kuruka na rimoti.

Picha za WhatsApp hapa naomba nizitetee kidogo. Kila fundi anazitukana, "hizi za WhatsApp hazifai kabisa". Kwa kawaida WhatsApp inaishusha picha mpaka upande mrefu unakuwa kama pikseli 1600, ambayo kwa DVD ni zaidi ya mara mbili ya unachohitaji, kwa pikseli haina shida. Shida ni kule kubanwa, hasa picha za usiku, za kesha na singo, kwenye giza kunatokea madoa madoa na TV iliyowekwa mwangaza mkali inayaanika yote. Kama aliyepiga bado anayo, mwambie aitume kama dokumenti. Kama hana, itumie tu, isivute.

Za zamani za kwenye albamu, watu wanataka uskani kwa DPI 1200, yani vidoti 1200 kwa kila inchi, "zitoke na ubora". Picha ya inchi 4 kwa 6 ukiiskani kwa 300 unapata 1800 kwa 1200, imetosha na imebaki. Hiyo 1200 itakukesheza tu. Kile kipasipoti kidogo cha babu cha miaka hiyo ndo kipandishie. Na ile namba ya DPI iliyoandikwa ndani ya faili, 72 au 300, TV haina habari nayo kabisa, hiyo ni ya printa.

Kitu kimoja kidogo kinachoharibu kazi za vijana wengi wanaojifunza: programu wanayodanlodi imesetiwa kimarekani, NTSC, 720 kwa 480 na fremu 29.97. Hawagusi. Hapo washatupa mistari 96 ya picha bure kabla hawajaanza, na kwenye chogo isiyokubali NTSC picha inapanda panda au inapoteza rangi. Angalia hicho kwanza kabla ya kitu chochote.

Kwenye kuchoma kuna imani za kila aina. Eti ukichoma taratibu kabisa picha inakuwa nzuri zaidi. Picha haibadiliki, data ni ileile, spidi inahusu kama deki itaisoma bila kukwama. Na taratibu sana sio lazima iwe bora, diski za 16x mi nachoma 4x au 8x na nalala usingizi. Stika za karatasi juu ya diski sizipendi, ikikaa upande kidogo diski inayumba ikizunguka, na kwa joto na unyevu wetu huu wa pwani inajikunja. Andika na kalamu ya CD. Usiianike kwenye dashibodi ya gari, rangi ya ndani inayobeba data inaliwa na jua. Dawa ya meno kwenye mikwaruzo? Mkwaruzo mdogo inausugua kweli, mkubwa unaongeza ya kwako.

Na ifunge diski, yani iambie programu imalize kabisa ili deki nyingine ziisome! Kosa hili ni langu mwenyewe, harusi ya Pangani, nilikuwa na haraka, nikaichoma bila kuifunga nikijua ntaongeza picha kesho, kwangu ikacheza. Nimesafiri nayo kilomita 50 hivi, deki ya wenyewe inazunguka, inazunguka, inasema hakuna diski. Watu wamekaa mkekani wamemaliza pilau wananiangalia mimi.

Tukirudi kwa yule jamaa wa elfu mbili. Nilimwambia ukweli, kama unataka fulu HD kweli mama ana TV ya flati yenye tundu la USB, nakutengenezea faili la MP4 kwenye flashi, 1920 kwa 1080, hapo ndo utaona hina ya dadako mpaka kwenye kucha. Ila flashi ikiwa imefomatiwa FAT32, ule mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, faili moja lisizidi GB 4, nitalikata vipande viwili. Na DVD nakutengenezea vilevile kwa sababu mama ana deki yake na anajua kuitumia, kava lenye picha ya biharusi, apange kabatini. Akakubali vyote viwili, elfu mbili nikamrudishia.

Jumapili kanipigia, sauti imejaa lawama. DVD yote imetoka nyeusi na nyeupe, mama amenuna, umeniharibia harusi. Nikamuuliza waya wa njano wa deki umeuchomeka wapi kwenye TV. Akasema hapo kwenye kijani, njano sijaiona.

Lile tundu la kijani linapokea mwanga wa picha peke yake, rangi zinaingilia kwenye bluu na nyekundu pembeni yake, ndo ule mfumo wa waya tatu ambao ni mzuri kuliko njano kwa sababu rangi hazichanganyiki njiani, zile nyekundu za kanga hazitapakai. TV nyingi za flati tundu la njano na la kijani wamelifanya moja, inabidi uchague kwenye rimoti. Nikamwambia bonyeza chanzo, chagua AV badala ya hiyo uliyopo.

Kimya. Nikasikia mama kwa nyuma anasema "ee, hiyo hiyo, iache". Akakata simu.