Si kila mwami ni mfalme

Maandishi mengi ya Kiswahili kuhusu historia ya Kivu na Katanga, huku Kongo, yana ugonjwa mmoja: kila mwenye cheo anaitwa mfalme, mama au mke wake malkia, na kila anacholetewa kodi. Nahariri maandishi ya aina hiyo hapa Bukavu, na ushauri wangu wa kwanza kwa mwandishi ni kuacha cheo kibaki na jina lake, kisha akieleze.

Tuanze na mwami. Bushi, nchi ya Bashi, yaani Kabare, Ngweshe, Kaziba na jirani zao, mwami ni mtu mmoja mwenye nchi na watu wake. Hapo neno mfalme halipotoshi sana. Wingi wake ni bami, na upatanisho ni ule wa watu: bami wawili walikutana. Usiandike "wami". Sikio la Bukavu halishtuki kwa ba-, maana mtaani tunasema "batu" kutwa nzima. Mwami husimikwa, au hutawazwa, hachaguliwi. Na msomaji akikuta Nnabushi, ajue kuwa Nna- ya Kimashi, lugha ya Bashi, ni "mwenye": mwenye Bushi. Watu wa pwani walitumia fikra hiyohiyo walipomwita mtawala wa Unguja Mwinyi Mkuu.

Sasa shuka Mwenga na Shabunda, kwa Walega. Neno ni hilohilo, jambo lingine kabisa. Kwao bwami ni chama chenye ngazi, na mwami ni yeyote aliyeingizwa humo. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na bami kadhaa, na hakuna anayetawala nchi nzima. Ngazi ya juu kabisa ya wanaume ni kindi. Huipati kwa kuzaliwa tu: ndugu wanakuchangia mali ya kugawa siku za sherehe, na wakubwa wanapima mwenendo wako, kama una subira na kama unaujua ulimi wako. Wanawake wana ngazi zao, zinazofungamana na za waume zao. Kwa hiyo ukiandika "mfalme wa Walega" umemtaja mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Serikali ya Kibelgiji ilitaka mtu mmoja wa kumpa amri na kumdai ushuru, na bwami haikuwa na mtu wa namna hiyo. Ikaishia kuipiga marufuku.

Mwamikazi ndiye anayewaangusha wengi. Umbo la neno linadanganya: mwami pamoja na -kazi, basi mke wa mwami. Nchini Rwanda, hadi ufalme ulipofutwa mwaka 1961, ilikuwa kweli: umwamikazi alikuwa mke, na mama wa mfalme alikuwa na cheo chake, umugabekazi. Ukivuka mto Rusizi kuja upande wetu, kwa Bashi na Bahavu, mwamikazi ni mama wa mwami, na mrithi akiwa bado mtoto, huyo mama ndiye anayeshika nchi. Mfasiri akiandika malkia, msomaji ataona mke, na ukurasa mzima wa urithi utakuwa umepinduka.

Chini ya mwami wa Bushi wapo barhambo, wanaoshika sehemu za nchi kwa niaba yake, na bashamuka, wazee wenye heshima. Hawa wa pili waite wazee wa baraza tu. "Mawaziri" ni kuwavika suti.

Kalinzi nayo inateseka. Anayetaka ardhi ya kudumu, yeye na watoto wake, anampa mwenye ardhi kalinzi, kwa kawaida ng'ombe. Si bei, maana hajainunua. Si kodi, maana haitolewi kila mwaka. Inamfanya kuwa mtu wa bwana yule, na ardhi inafuata uhusiano huo. Bwasa ni ya muda tu, na haimpi mtoto wako kitu. Ukiziita zote mbili "kukodi shamba" umefuta tofauti ambayo watu wanaigombania mahakamani.

Katanga kuna mitego mingine. Mulopwe, yaani mfalme, wa Baluba alipofariki, roho yake iliaminiwa kumwingia mwanamke anayeitwa mwadi. Mji wa marehemu ulibaki ukiwa makao ya kumbukumbu, kitenta, na mwadi akakaa humo na alama za ufalme. Hivyo chanzo kikisema mfalme aliyekufa "alisema" au "alipokea zawadi", usikimbilie kusahihisha. Kwa Walunda, Mwant Yaav ni jina la mtu wa zamani lililogeuka kiti. Anayekalia kiti anarithi pia undugu wa mtangulizi, na anaweza kusema "mimi nilimtuma Kazembe" akizungumzia kutumwa kwa mtawala huyo wa Walunda wa mashariki katika karne ya 18. Ukihesabu umri kwa "mimi" hiyo utapata mtu wa miaka mia mbili.

Jambo kama hilo liko hapa jirani: Kabare na Ngweshe ni majina ya nchi na ya bami wake pia. "Kabare alikataa" haitoshi. Kabare yupi? Weka na jina lake binafsi. Vivyo hivyo Mwenda, jina la kiti cha watawala wa Bayeke kule Bunkeya, Katanga: wa kwanza, Msiri, aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, lakini Mwenda hakufa siku ile, kwa kuwa mwanawe Mukanda-Bantu alikalia kiti kama Mwenda wa pili.

Barua za zamani zikisema sultani, huenda ni mkubwa wa kijiji tu. Wenye misafara walilitumia neno hilo bila kupima. Na kwa habari za leo, angalia aina ya eneo kwanza. Kwa sheria ya 2008, sheferi inaongozwa na mwenye kiti cha mila, lakini sekta inaongozwa na mtu wa kuchaguliwa. Huyo wa pili, hata watu wakimpigia magoti, mwandike shefu wa sekta.