Atachmenti ya utetezi wa afya ipangwe kwa kalenda ya bajeti

Wanafunzi wengi wa afya ya umma hapa Kenya hutafuta atachmenti (mafunzo ya kazini) kwenye mashirika ya utetezi, yaani yanayoishawishi serikali kuhusu afya, kwa kufuata likizo ya chuo. Mimi ningefuata kalenda ya bajeti ya kaunti. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 kupita, mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Hata kama chuo kitakuachilia Mei, bado utayakuta makadirio mbele ya kamati ya bunge la kaunti. Ukiingia Julai, jiandae kupanga viti vya warsha.

Kwanza jua nani ana mamlaka juu ya nini. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti vituo vyao vya afya na ambulensi. Sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa ziko kwa serikali ya kitaifa. Barua kuhusu hospitali hizo ukimwandikia gavana, itazunguka maofisini hadi atachmenti iishe.

Kisha ushahidi. "Zahanati haina dawa" ni lalamiko tu. Omba ruhusa ya msimamizi wa zahanati, chagua dawa tano za kila siku, chumvi za ORS (za kurudisha maji mwilini) zikiwemo, ufungue kadi zake za stoo, zinazoandikwa dawa iliyoingia, iliyotoka na salio. Hesabu siku ambazo salio lilikuwa sufuri kwa miezi mitatu, halafu hesabu kilicho rafuni. Kadi ikisema 40 na rafu ina 12, usikimbilie kuandika wizi: huenda dawa ilitolewa siku ya foleni ndefu na hakuna aliyeandika. Andika namba zote mbili na tarehe.

Ofisi ikikunyima takwimu, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa siku 21 kujibu. Haki hiyo ni ya raia, kwa hiyo mwanafunzi mgeni amwombe mwenzake Mkenya atie sahihi. Baki na nakala iliyogongwa muhuri.

Memoranda yenyewe, yaani maoni ya maandishi mnayopelekea bunge la kaunti kuhusu bajeti, isizidi kurasa mbili: jina la programu kama lilivyo kwenye makadirio, namba ya ukurasa, kiasi kilichotengwa, kiasi mnachotaka, na fedha zitoke wapi. Hapo mwisho ndipo wengi hukwama. Bunge la kaunti haliwezi kuongeza fungu moja bila kupunguza jingine, basi mwakilishi wadi akipewa karatasi inayosema tu "afya iongezewe", hana la kufanya nayo. Ipeleke kwa karani wa bunge kabla ya siku iliyotangazwa. Kwenye kikao cha umma utapewa dakika chache tu, na mara nyingi ni baada ya wanaodai barabara.

Kabla hujakubali nafasi, uliza shirika liliwasilisha memoranda gani mwaka uliopita, na kama mwanafunzi aliruhusiwa kuandika rasimu. Wakishindwa kukuonyesha hata moja, tafuta kwingine.