Fundi, unapoandika maelezo ya hataza usijifunge mwenyewe

Wabunifu wengi wa huku kwetu, kuanzia Mwanjelwa mpaka Makambako, wakitaka kuomba hataza (patent, yaani haki ya peke yako juu ya uvumbuzi wako) BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni Tanzania, wanatuletea picha za simu na ukurasa mmoja wa sifa, mashine ni imara, inaokoa muda, haili mafuta. Hilo ni tangazo jamani. Maelezo ya uvumbuzi yanatakiwa yamwezeshe fundi mwenzako kuitengeneza bila kukupigia simu, na ukificha ile siri yenyewe maombi yanaweza kukataliwa, maana makubaliano ndo hayo, wewe unafichua, nchi inakupa haki ya peke yako, kwa sheria yetu miaka 10 na inaweza kuongezwa mpaka 20.

Tuseme umebuni mashine ya kupukuchua mahindi, nyuma ya bati umeweka springi ili gunzi likiwa nene au jembamba bati lijirekebishe lenyewe. Eleza springi imefungwa wapi na inasukuma nini, weka mchoro wenye namba, na springi ikiwa namba 7 ibaki 7 mpaka mwisho, sio mbele huko inageuka 9.

Shughuli iko kwenye madai, yaani zile sentensi zenye namba zinazosema ni kitu gani hasa unataka kilindwe, hapo ndo watu wanaumia. Ulinzi wako unapimwa kwa madai, sio kwa stori ndefu uliyoandika juu yake. Ukidai "springi ya pikipiki iliyofungwa kwa bolti mbili", mwenzako anaweka mpira wa tairi, anauza zake, na wewe kumbana itakuwa kazi kweli kweli. Dai la kwanza liwe pana: bati linalosukumwa na kifaa chenye mnyumbuko ili nafasi ya kupita gunzi ijibadilishe yenyewe. Dai la pili ndo useme kifaa hicho ni springi, la tatu useme ni mpira, na huo mpira uwe umeshaueleza tangu mwanzo, kwasababu ukishawasilisha huruhusiwi kuchomekea kitu kipya. Ila usitanue mpaka ukazoa na mashine zilizokuwepo zamani, mkaguzi akiikuta moja tu dai pana linaanguka, unabaki unategemea yale ya chini yake.

Muhtasari usikunyime usingizi, ni aya fupi ya kusaidia watu kutafuta, haupanui haki yako wala hauipunguzi.

Na kabla hujaipeleka mashine yako kwenye maonyesho ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, watu wakairekodi video, wasilisha maombi kwanza, upya wa uvumbuzi unaangaliwa dunia nzima na hata maonyesho yako mwenyewe yanaweza kukuponza.