Kontena la Taka Likifika Nyumbani, Uliza Linakwenda Kumwaga Wapi

Katika ukaguzi mmoja kwenye kingo za Mto Ng'ombe, upande wa Tandale, tulikuta rundo la kifusi: vigae vya bluu vya bafuni, sinki la choo lililopasuka, na kiroba kilichojaa madaftari ya shule. Juu ya madaftari kulikuwa na jina la mtoto na la shule yake. Jioni ileile tulikuwa sebuleni kwa mama yake. Alituonyesha bafu jipya, akaapa kwamba taka alilipia, ila risiti hakupewa. Nilimwamini. Alimlipa kijana mwenye kirikuu, mzigo ukatoka getini, naye akajua yamekwisha.

Mimi ni afisa afya wa mazingira, na kisa cha aina hii nakutana nacho kila mara watu wanapokarabati nyumba au kuhama. Dampo la jiji la Dar es Salaam liko Pugu Kinyamwezi. Anayetoka Tegeta ana zaidi ya kilomita 30 za kwenda tu, bado foleni na kurudi. Ukitajiwa bei isiyotosha hata mafuta ya safari hiyo, mzigo wako hauendi Pugu. Utaishia mtoni au kwenye mtaro, na masika yakianza maji hukosa njia yakaingia vyumbani mwa watu wa mabondeni. Kwa hiyo mwone kwanza mtendaji wa mtaa akuelekeze kwa mkandarasi anayetambuliwa na halmashauri. Andika namba ya gari, na udai risiti inayotaja aina ya mzigo na mahali unakopelekwa.

Ukikodi kontena, jambo linalowakwamisha wengi ni uzito. Mita moja ya ujazo ya zege na matofali yaliyovunjwa hukaribia tani moja na nusu. Kontena la mita 6 za ujazo likijaa kifusi hadi juu, hapo unazungumzia tani 8 au 9, na gari lililokuja kulibeba huenda lisiweze kulinyanyua. Kontena hilohilo likijaa makochi, magodoro na matawi ya mwembe, halifiki hata nusu ya uzito huo. Mweleze mwenye gari mapema unatupa nini. Mzigo usizidi ukingo wa kontena, na njiani ufunikwe turubai.

Liwekwe ndani ya uwanja wako, mbali na mfuniko wa chemba na shimo la choo, juu ya mbao ili lisivunje sakafu. Angalia pia nyaya za umeme, maana mikono ya gari linaloshusha na kunyanyua kontena hupanda juu. Kama hakuna nafasi ila barabarani, omba kibali kwanza, na usiku liwe na alama zinazong'aa. Bodaboda halioni kontena jeusi kwenye giza.

Mabaki ya chakula msiyatie humo. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani mwetu ni maganda na mabaki ya chakula, na kwa joto la Dar yai la inzi huanguliwa ndani ya siku moja; baada ya siku kama 10 funza amekwisha kuwa inzi mzima. Kontena linalokaa wiki mbili likiwa na maganda ya ndizi na vichwa vya samaki litawazalia inzi majirani wote. Maganda yaende kwa mzoa taka wa kila wiki, au yachimbiwe yawe mboji.

Betri za gari, taa za mirija, dawa zilizokwisha muda na makopo yenye rangi yatengwe pia. Ninaloliogopa zaidi ni bati za asbestosi kwenye paa za kota za zamani. Ukizivunja kwa nyundo, vumbi lake huingia mapafuni, na saratani huja kujitokeza miaka 20 au 30 baadaye, wakati fundi aliyelivuta amekwisha kusahau kazi ile. Usiziguse. Pigia simu halmashauri au NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, kabla fundi hajapanda juu.

Kontena likishaondoka, fagia pale lilipokuwa na njia nzima hadi getini, kisha pitisha sumaku. Misumari hubaki mchangani, na watoto hupita pale peku.