Tope jeusi la pwani si uchafu

Nimeambiwa tena, safari hii na mtu msomi kabisa, kwamba kinamasi cha pwani kinanuka kwa sababu kimechafuliwa, na dawa yake ni kukikausha. Jamani, hapana!

Ile harufu ya yai viza ni kazi ya bakteria. Sentimita chache chini ya uso wa tope oksijeni huwa imekwisha, na maji ya kujaa na kupwa yanaleta salfeti, yaani chumvi yenye salfa, kila siku. Bakteria wanaokula majani na mizizi iliyokufa hutumia hiyo salfeti badala ya oksijeni, wakatoa gesi ya hidrojeni salfaidi, ndiyo inayonuka. Gesi ikikutana na chuma kilichomo kwenye mashapo, tope linakuwa jeusi. Vinamasi vyenye maji taka vipo, sikatai, lakini rangi na harufu peke yake si ushahidi.

Pasua sampuli kwa kisu uone. Ndani ni nyeusi tii. Iache hewani, na hata hujamaliza kuandika maelezo yake, kingo zimeshaanza kufifia, baadaye zinageuka kahawia. Chuma kimepata hewa.

Jambo hilohilo ndilo linalotokea ukikausha kinamasi kizima, ila kwa kishindo. Pairaiti, madini ya chuma na salfa iliyotulia humo kwa karne nyingi, inaoza kuwa asidi ya salfuriki, pH (kipimo cha uasidi; ikishuka, asidi imezidi) inashuka chini ya 4, aluminiamu ya udongoni inayeyuka, mvua inasomba vyote hadi mtoni na samaki wanakufa. Hapo ndipo uchafuzi unapoanza!

Na kukosa oksijeni huko ndiko kunakotutunzia kumbukumbu. Mwaka 1987 mwanajiolojia Brian Atwater alieleza tabaka za pwani ya jimbo la Washington, Marekani: udongo wa kinamasi uliodidimia ghafla kwa tetemeko, mahali pengine ukafunikwa na mchanga wa tsunami, kisha tope. Tetemeko la mwisho kubwa la huko ni la tarehe 26 Januari 1700.

Tarehe safi namna hiyo ni bahati. Mboji, yale mabaki ya mimea yaliyorundikana kinamasini, hushindiliwa na uzito wa tope la juu, hivyo kina tunachopima leo sicho ilicholalia zamani. Mizizi ya nyasi za juzi nayo hupenya hadi tope la kale. Ukiipima kaboni ili kujua miaka yake, unapata umri mdogo kuliko wa tabaka. Ndiyo maana natafuta mbegu, au jani lililolala bapa, vitu vilivyoanguka tabaka likijengwa. Nikikosa vyote, nikabaki na mzizi tu, tarehe ninayoiandika siiamini sana.