Maji yakikatika Arusha, kuchemsha peke yake hakutoshi

"Mimi kaka sina wasiwasi. Maji ya kisima nayachemsha mpaka yanabaki nusu sufuria."

Jirani yangu aliniambia hivyo tukiwa tumesimama getini Jumatatu ya Pasaka, Aprili 1, 2024, siku gridi ya Taifa ilipopata hitilafu na umeme ukakatika sehemu kubwa ya nchi. Tulikuwa tunabashiri kama maji ya bomba nayo yatafuata. Nikamjibu: dada, hapo kwenye nusu sufuria ndipo unapoharibu.

Kazi yangu ni kupima maji. Kwa watu wa huku, chini ya Mlima Meru, maji yana shida mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni vijidudu, na hiyo iko kila mahali. Ya pili ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Ndiyo yanayotupa meno ya kahawia ambayo ukiyaonyesha Dar wanajua umetoka wapi. Moto unaua vijidudu. Floraidi haiondoki na mvuke, inabaki sufuriani. Chukua lita 10 zenye miligramu 3 kwa kila lita, chemsha mpaka zibaki lita 5, na sasa unakunywa miligramu 6 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5.

Kwa hiyo yakishatokota vizuri dakika moja, yaache, funika, epua. Huo mkaa unaobaki utauhitaji.

Huduma hizi zimeshikana mikono kuliko tunavyodhani. Sehemu ya maji ya jiji hutoka visima virefu, na pampu zake zinakula umeme. Jenereta inataka dizeli, na kituo cha mafuta nacho kinataka umeme ili kikupimie hiyo dizeli. Minara ya simu ikiishiwa betri, hela iliyo kwenye simu huigusi, kwa hiyo weka noti ndogondogo ndani. Chakula sitakisemea sana. Wengi wetu tuna gunia la mahindi na ndugu kijijini mwenye migomba. Maji ndiyo hayana ndugu.

Yakikatika kwa mwezi, watu watarudi kwenye chemchemi, mito na visima vya zamani. Hapo weka mambo kwa mpangilio wake: kipindupindu kinaua kwa saa chache, floraidi inahitaji miezi na miaka. Kama huna chaguo jingine, kunywa maji ya floraidi yaliyouawa vijidudu, usinywe machafu kwa kuogopa meno. Ila mgao ukigeuka kuwa maisha, maji yenye floraidi kidogo wape kwanza watoto wa chini ya miaka minane, maana meno yao ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi. Mkaa wa kawaida hauondoi floraidi. Mkaa wa mifupa unaondoa, lakini usijaribu kuuchoma uani. Ukikosea moto, maji yatanuka, na hata ulio mzuri huchoka na kutakiwa kubadilishwa. Na magadi ya kulainishia makande? Mengi yamebeba floraidi yake. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, utaokoa na kuni.

Dawa ninayoiamini mimi iko juu ya paa. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita za mraba 60, ukitoa yanayomwagika na kurukia pembeni, inakupa kama lita 48 kwa kila milimita. Familia ya watu watano, kwa kunywa na kupika tu, hesabu lita 25 kwa siku. Tangu masika yaishe Mei mpaka vuli ni kama siku 150, yaani lita 3,750. Simtanki la lita 5,000 linavuka kiangazi chote, na Aprili ya kawaida Arusha inalijaza. Kuoga na kufua tumia ya kisima, hayo hayana neno.

Mvua ya kwanza iache imwagike ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Mdomo wa tanki ufunge kwa wavu wa chandarua, na kifuniko kibane, mwanga usiingie, ukungu wa kijani usiote. Halafu ya kunywa yatibu kila siku kwenye ndoo yenye koki. Vidonge vya WaterGuard havichukui nafasi. Soma pakiti ujue kimoja ni cha lita ngapi, subiri nusu saa, na ununue vyenye tarehe ya mbali, kwa sababu klorini huchoka ikikaa.

Jirani yangu hakuwa na hela ya tanki kubwa mwaka ule. Alianza na gata la upande mmoja na mapipa mawili. Madumu ya kisima akayafunga kitambaa chekundu shingoni, ya mvua cheupe. Mwanawe wa miaka mitano hajui floraidi ni kitu gani, lakini juzi alimzuia mgeni asichote kwenye jekundu: "Hayo ni ya kuogea."